Mzigo umepata njia, mwenye mzigo hana pa kulala

Mabasi yanayotoka Kigali, Nairobi, Mwanza na Juba huingia Kampala saa za ajabu. Mengine hufika saa tisa usiku, mengine alfajiri kabla ya adhana. Abiria wengi wanaoshuka si watalii. Ni akina mama wenye mikoba iliyobanwa kwapani, vijana wenye mabegi matupu yanayosubiri kujazwa, na wazee wanaoulizana, kila mmoja kwa Kiswahili cha kwao, chai inapatikana wapi. Wamekuja kununua bidhaa za jumla Kikuubo na kuchagua nguo Owino, soko ambalo kwenye karatasi za serikali linaitwa St Balikuddembe. Maduka bado yamefungwa. Swali gumu la safari hii halikuulizwa forodhani. Linaulizwa hapa, gizani, mbele ya basi lililozimwa injini: leo watalala wapi?

Majibu yaliyozoeleka ni matatu. La kwanza ni kukaa kwenye benchi la stendi mpaka kupambazuke, mkoba mapajani, mmoja akisinzia na mwingine akilinda. La pili ni kuingia loji ya jirani, ile ambayo Tanzania wangeiita gesti na Kenya lojing, ambako mlango una komeo lisilokaza na mhudumu anataka pesa kabla hajaonyesha chumba. La tatu ni kwenda kwa ndugu au rafiki, kama yupo, na kuvuka nusu ya jiji kwa bodaboda usiku na mtaji wote mwilini. Kila mfanyabiashara wa mpakani anamjua mwenzake aliyerudi nyumbani mikono mitupu kwa sababu ya usiku mmoja kama huo. Hakuibiwa njiani wala hakunyang'anywa forodhani. Aliamka asubuhi akakuta mlango uko wazi.

Katika jiji hilohilo yapo malazi ya namna nyingine. Kampala ina hosteli zinazopokea vijana wanaosafiri na begi la mgongoni, wengi wao wakitoka Ulaya, Marekani na Australia, na sasa vijana wa Afrika Mashariki pia. Hufika makundi ya marafiki watatu, wanne au watano. Hawakodi chumba, hukodi kitanda. Chumba kimoja huwa na vitanda vya deka, kimoja juu ya kingine, vinavyotosha watu wanne hadi kumi. Hosteli nzuri humpa kila mgeni kabati lake, naye hulifunga kwa kufuli yake mwenyewe. Bafu ni la pamoja, jiko ni la pamoja, na mapokezi yana mtu hata usiku wa manane. Ubaoni pameandikwa basi gani linakwenda wapi na saa ngapi. Kijana mwenye pesa kidogo, asiyejua mtaa wala lugha, analala hapo na kuamka salama.

Ulinganisho huu una uchungu. Kijana aliyekuja kutembea amepata kitanda salama kwa bei ndogo. Mama anayelipa ushuru wa nchi mbili, anayejaza mabasi na kuyafanya maduka ya Kikuubo yafunguliwe asubuhi, hana kitanda cha namna hiyo karibu na soko. Hosteli za wasafiri ziko mbali na Owino, na matangazo yake hayamsemeshi yeye. Ukimwambia mfanyabiashara neno "hosteli" mjini Kampala, yeye hufikiria vyumba vya wanafunzi kule Wandegeya na Kikoni, kando ya Chuo Kikuu cha Makerere. Hajawahi kuambiwa kwamba hosteli inaweza kuwa ya mtu mzima mwenye robota la mitumba.

Wazo lenyewe lilianza kwa shida inayofanana na yake. Mwaka 1909 mwalimu wa Kijerumani, Richard Schirrmann, alikuwa safarini kwa miguu na wanafunzi wake. Mvua kubwa ikawakuta, wakajihifadhi usiku ndani ya jengo la shule. Akiwa hapo aliwaza: shule nyingi hukaa tupu wakati wa likizo, kwa nini zisigeuzwe mabweni ya vijana wanaosafiri? Mwaka 1912 hosteli ya kwanza ya kudumu ilifunguliwa katika ngome ya Altena, na kutoka hapo wazo likasambaa duniani. Halikuanzishwa kwa ajili ya anasa. Lilianzishwa kwa sababu kundi la watu wenye uchovu na pesa kidogo lilinyeshewa.

Afrika Mashariki nayo haikusubiri Ulaya ili ijue kusafiri kwa makundi. Misafara ya zamani kati ya pwani na maziwa makuu ilikuwa na kiongozi wake, wapagazi wake na vituo vyake vya kupumzika. Tabora na Ujiji zilikua kwa sababu misafara ilihitaji mahali pa kulala, kula na kuhesabu mali. Bagamoyo ilikuwa na majengo ya kupokea misafara hiyo. Biashara ile ilikuwa na dhambi zake kubwa, kwa kuwa pamoja na pembe za ndovu ilibeba binadamu, na hakuna wa kuitamani irudi. Lakini jambo moja ililijua vizuri: njia ya biashara haikamiliki bila kituo cha kulala. Jumuiya ya leo imejenga njia na kusahau kituo.

Kuhusu njia, haki itendeke. Kazi imefanyika. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa na zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, anaweza kutumia cheti rahisi cha asili ya bidhaa bila kuhangaika na makaratasi ya makampuni makubwa. Vituo vya pamoja vya mpakani vimefunguliwa Busia, Malaba, Namanga, Mutukula, Rusumo na kwingineko, na foleni mbili zimekuwa moja. Tangu 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanavuka kwa kitambulisho cha taifa katika nchi hizo tatu. Mwaka huohuo nchi hizo zilianzisha viza moja ya mtalii, ya dola 100 na siku 90, ili mgeni wa kutoka mbali azunguke bila kulipa mara tatu. Jumuiya ina hata vigezo vya pamoja vya kuzipa hoteli nyota, ili mtalii aijue hoteli ya nyota tatu awe Arusha au Kigali.

Swali ni hili: nani amehesabu vitanda vya wale wasiotafuta nyota? Ibara ya 7 ya Itifaki inampa raia wa nchi mwanachama haki ya kuingia bila viza, kutembea, kukaa na kutoka, na inaitaka nchi mwenyeji impe ulinzi wa sheria zake. Neno "kukaa" limo ndani ya ibara hiyo. Mtu hakai hewani. Haki ya kukaa Kampala, Nairobi au Dar es Salaam haina maana kubwa kwa mama wa Ngara au Gulu kama sehemu anayoimudu ni ile ambayo hawezi kufumba macho.

Yapo yatakayosemwa dhidi ya hoja hii, na yanastahili majibu.

La kwanza ni kwamba mtu mzima hawezi kulala chumba kimoja na watu asiowajua kama mwanafunzi wa bweni. Lakini wafanyabiashara tayari wanalala hivyo. Wanne hubanana katika chumba cha loji kilichokusudiwa wawili, wawili kitandani na wawili sakafuni juu ya kanga, huku wakiogopa mhudumu asije akawadai zaidi. Huo nao ni ulalaji wa pamoja, tofauti ni kwamba hauna kabati, hauna kitanda cha kila mtu na hauna heshima. Bweni lililopangwa vizuri linampa kila mmoja godoro lake na kufuli yake.

La pili ni heshima na usalama wa wanawake. Hili si la kupuuza, na halina mjadala: bweni la wafanyabiashara lazima liwe na vyumba vya wanawake peke yao, bafu lao peke yao, na mlango unaofungwa kwa ndani. Hosteli nyingi za wasafiri huweka vyumba vya mchanganyiko na chumba kimoja cha wanawake. Kwa wafanyabiashara wa ukanda huu utaratibu huo ugeuzwe, vyumba vya kutenganisha viwe ndio kawaida. Mama anayesafiri na mtoto mchanga awe na kitanda cha chini bila kuomba.

La tatu ni mzigo. Kijana wa begi ana kilo kumi na tano mgongoni, mfanyabiashara ana marobota mawili, ndoo za plastiki na katoni za viatu. Kabati la kitandani halitoshi. Ndiyo maana hosteli ya mfanyabiashara haiwezi kuwa nakala ya hosteli ya mtalii. Inahitaji stoo ya chini yenye mlinzi na risiti yenye namba, mzigo ukiingia unaandikwa na ukitoka unasainiwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari hilo si gharama kubwa.

La nne ni afya. Mapema 2025 Uganda ilitangaza mlipuko wa Ebola uliogunduliwa Kampala, na wengi watauliza kama ni busara kulaza watu kumi chumba kimoja. Jibu ni kwamba magonjwa hustawi zaidi pale ambapo hakuna anayejua nani alilala wapi. Nyumba yenye kitabu cha wageni kilichoandikwa sawasawa, maji ya kunawa, shuka zinazofuliwa kila mgeni anapoondoka na madirisha yanayofunguka humsaidia mganga kufuatilia waliokutana na mgonjwa. Loji isiyoandika jina la mtu haimsaidii yeyote isipokuwa mwizi.

Sasa hesabu, maana mfanyabiashara hashawishiki kwa maneno matupu. Chukua mfano wa makadirio tu. Wanawake wanne kutoka Kisumu wanakuja Kampala kwa usiku mbili. Kila mmoja akichukua chumba cha loji cha shilingi 40,000 za Uganda, kwa usiku mbili wametumia shilingi 320,000 wote wanne. Kama kitanda cha bweni kingekuwa nusu ya bei hiyo, wangetumia 160,000, na wangebakiwa na 160,000 nyingine za kuongeza kwenye mzigo au kulipia nauli ya kurudi. Wakipika chakula cha jioni pamoja kwenye jiko la hosteli badala ya kununua sahani nne mkahawani, wanaokoa tena. Bei halisi zitapanda na kushuka, lakini njia ya hesabu ni hiyo. Na hapo bado haijatiwa ndani hasara kubwa kuliko zote, ya kuibiwa mtaji, ambayo hakuna punguzo la chumba linaloweza kuirudisha.

Faida nyingine ni ya maarifa. Vijana wa begi la mgongoni wanajua kwamba meza ya jikoni ya hosteli ni shule. Pale ndipo mmoja anamwambia mwenzake barabara gani ina matope, basi gani huharibika, duka gani linapunja. Wafanyabiashara wanne kutoka nchi nne wakikaa kwenye meza moja jioni, watajua bei ya kitenge kabla hawajaingia sokoni kesho yake. Watajua nani anakwenda Mutukula alfajiri na gari lake lina nafasi. Watajua ni dalali gani wa kumkwepa. Utangamano unaotafutwa katika mikutano ya Arusha ungeweza kupikwa pale pamoja na ugali.

Nini kifanyike? Gazeti hili linaona kuna kazi ya watu watatu, na hakuna hata mmoja anayehitaji kusubiri mkutano wa wakuu wa nchi.

Mamlaka ya Jiji la Kampala, na halmashauri za majiji mengine ya ukanda huu, zianze kwa kutambua bweni la wafanyabiashara kama aina halali ya malazi yenye masharti yake yanayoeleweka: njia mbili za kutokea moto ukizuka, madirisha ya nondo yanayofunguka kwa ndani, kitanda kimoja kwa mtu mmoja, kabati lenye sehemu ya kufuli, stoo yenye risiti, kitabu cha wageni na bei iliyobandikwa ukutani kwa Kiswahili. Atakayetimiza masharti hayo karibu na stendi au soko apewe leseni kwa ada ya wastani. Hakuna haja ya serikali kujenga. Hosteli za wanafunzi hupunguza watu vyuo vinapofungwa, na majengo ya zamani ya katikati ya jiji yana ghorofa za juu ambazo hazina wapangaji. Alichokiwaza Schirrmann kuhusu shule tupu kinaweza kuwazwa kuhusu majengo haya.

Vyama vya wafanyabiashara wa mpakani navyo vina nguvu ambayo havijaitumia. Chama chenye wanachama wanaosafiri kila wiki ni mteja mkubwa. Kinaweza kwenda kwa mwenye hosteli au loji na kusema: hawa ni watu wetu, watakuja mwaka mzima, tupe vyumba vya wanawake, tupe stoo, tupe bei moja isiyobadilika usiku. Mwenye nyumba mwenye akili hatakataa. Na kwenye madawati ya taarifa za biashara yaliyoko mipakani, ambako mama anaelekezwa jinsi ya kujaza cheti, kuwekwe pia orodha ya malazi ambayo wanachama wenyewe wamelala na kuyathibitisha. Karatasi moja ya namna hiyo ingeokoa mitaji mingi.

Kazi ya tatu ni ya msafiri mwenyewe. Mpaka mabweni hayo yapatikane, asisafiri peke yake ikiwa anaweza kusafiri na wenzake. Kundi la watu watatu au wanne wanaoaminiana, waliopatana kabla ya kupanda basi, ni ulinzi kuliko komeo lolote. Wapange basi la kufika mchana hata kama nauli yake ni kubwa kidogo. Pesa zisikae kwa mtu mmoja wala mfukoni mmoja, na pale ambapo mtandao wa simu unaruhusu kutuma pesa kuvuka mpaka, mtaji utangulie kwa simu na mtu afuate. Kila mmoja abebe kufuli yake na nakala ya kitambulisho chake, na namba ya simu ya mwenye nyumba iachwe kwa mtu wa nyumbani.

Kabla ya kulipa, aombe kwanza kuonyeshwa chumba. Mlango unafungwa kwa ndani? Nani mwingine ana ufunguo? Mzigo utakaa wapi na risiti iko wapi? Moto ukizuka, njia ya pili ni ipi? Usiku kuna mtu mapokezini? Mhudumu anayekasirishwa na maswali hayo ameshajibu, na kundi liondoke. Watu wanne wanaondoka kwa urahisi. Ni mtu mmoja peke yake, saa tisa usiku, anayelazimika kukubali chochote.

Mtu anaweza kudhani kwamba habari ya vitanda ni ndogo mno kwa ukurasa huu, ambao kwa kawaida hujadili ushuru, mizani na siasa za mipaka. Lakini biashara ndogo ya mpakani haiuawi na ushuru pekee. Mama aliyekopa kikobani, akavuka Busia kwa haki, akafika jijini kwa wakati, kisha akapoteza kila kitu usiku wa kwanza, harudi tena barabarani. Kikoba kinamdai, watoto wanamsubiri, na takwimu za Jumuiya hazitaonyesha kwamba alitoweka. Katika hesabu za forodha ataonekana kama mtu ambaye tu hakupita tena.

Jumuiya imetumia miaka mingi kuhakikisha robota la nguo linavuka mpaka bila kulala njiani. Sasa mwenye robota naye apate mahali pa kulala, afunge mlango, aweke ufunguo chini ya mto na afumbe macho yote mawili.